Nafasi ya Maandishi ya Chapa Mahali pa Kazi

Katika semina za itikadi tunazoendesha kwa makatibu wa matawi na vijana wanaojiandaa kwa uongozi, liko swali moja ambalo sasa haliachi kuulizwa. Barua za kikazi zinakwenda kwa mtandao, majalada yamo katika kompyuta, kanuni na taratibu zinasomeka katika simu. Kwa nini basi mkufunzi bado anadai kila mshiriki awe na kijitabu mkononi, na muhtasari wa kikao ubandikwe ukutani? Je, huko si kung'ang'ania mambo ya zamani? Vijana wanaouliza hivyo wana haki ya kujibiwa, na kuwaambia kwamba sisi wenyewe tulisomeshwa kwa vitabu si jibu. Jibu linapatikana katika historia. Tunapaswa kuchunguza karatasi iliyopigwa chapa imefanya kazi gani mahali pa kazi hapa nchini, imemtumikia nani, na ni katika hali gani ilipomgeuka mnyonge na katika hali gani ilipokuwa silaha yake.

Tuanze na pale ilipomgeuka.

Mfanyakazi wa Tanganyika hakuijua kwanza karatasi ya chapa kama kitabu cha elimu. Aliijua kama stakabadhi ya kodi. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, mtu asiyeweza kuonyesha stakabadhi alikuwa mashakani, na ili aipate ilimbidi atafute fedha, na fedha ilikuwa mashambani kwa mlowezi. Huko mashambani, hasa katika mkonge, alikabidhiwa karatasi ya pili, nayo ni kadi ya kipande. Kadi ile ilikuwa na nafasi 30. Kila kazi ya siku iliyotimizwa iliwekewa alama, na mshahara ulilipwa nafasi zote zilipojaa. Siku aliyougua haikuhesabiwa. Siku ambayo nyapara aliona mafungu ya majani hayakutimia, nayo haikuhesabiwa. Kwa hiyo siku 30 za kipande hazikuwa mwezi mmoja wa kalenda. Zingeweza kuchukua wiki sita au zaidi. Kadi ilikaa kwa mfanyakazi, lakini kalamu ilikaa kwa nyapara, na hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa unyonyaji ule. Tunawaomba wasomaji wauweke akilini mfano huu, maana tutaurudia.

Ni dhahiri basi kwamba karatasi kwa nafsi yake haina tabaka. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilisomwa sana na kwa hamu, na lilisaidia kukisanifu Kiswahili, lakini mhariri wake alikuwa ni mtawala. Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha gazeti la Kwetu, na kwa mara ya kwanza katika Tanganyika Mwafrika akawa mwenye gazeti lake. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa kwa makala iliyotoka katika Sauti ya TANU, kijarida kilichorudufiwa kwa stensili, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa. Tunalitaja tukio hilo kwa sababu moja tu: mkoloni aliyekuwa na redio, jeshi na mahakama aliona ni lazima apambane na kurasa chache za stensili, kwa vile kurasa zile zilikwisha kutawanyika na hakuwa na namna ya kuzirudisha.

Kijitabu mfukoni

Mfano ulio mzito zaidi katika historia yetu ni ule wa Mwongozo wa TANU. Halmashauri Kuu ya Taifa ilikutana Februari 1971, wiki chache tu baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda tarehe 25 Januari mwaka huo, na wajumbe walikuwa na jambo la kufikiri. Waraka uliotoka katika kikao kile ulihusu ulinzi wa mapinduzi, uchumi na siasa ya nje. Lakini wafanyakazi wa viwandani waliishika zaidi ibara ya 15, inayomtaka kiongozi asiwe mwenye kiburi, majivuno, dharau na uonevu, na inayoagiza kwamba awaheshimu watu anaowaongoza.

Mwongozo ulitolewa kwa chapa kama kijitabu chembamba cha Kiswahili. Wafanyakazi walikitia mfukoni wakaenda nacho kazini. Meneja alipomtukana mtu, au alipomfukuza bila kumsikiliza, kijitabu kilitolewa na ibara ikasomwa mbele yake. Hali hiyo haikuwahi kuonekana kabla yake. Taratibu za viwanda vingi zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini kwa meneja utumishi. Ukitaka kuzijua, unamwomba yule yule unayemlalamikia. Mwongozo haukuhitaji ruhusa ya mtu kufunguliwa. Maneno yaliyokuwa juu ya meza ya meneja na yale yaliyokuwa mfukoni mwa mpakia mizigo yalikuwa ni yale yale, herufi kwa herufi, na wote wawili walijua hivyo.

Matokeo yanafahamika. Kuanzia 1971 hadi 1973 ilitokea migomo ipatayo thelathini, ikawahusu wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika mahali pa kumfungia nje mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Mabaraza ya wafanyakazi, yaliyowekewa msingi na Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 juu ya ushiriki wa wafanyakazi, yalipata ghafla maandishi ya kusimamia.

Historia haituruhusu kuishia kwenye sifa. Wako wafanyakazi waliopoteza kazi kwa migomo ile, na wako viongozi waliolalamika kwamba watu wamesoma ibara inayowahusu viongozi wakaruka zile zinazodai nidhamu na juhudi katika kazi. Kwa maoni yetu lawama hiyo ilikuwa na ukweli nusu. Ni kweli kwamba wengi walisoma ibara moja. Lakini dawa ya msomaji wa ibara moja ilikuwa mle mle ndani ya kijitabu. Ilitakiwa tu kiongozi aketi na wafanyakazi wake, afungue ukurasa wa pili, wasome pamoja. Waliofanya hivyo walikuwa wachache kuliko waliolalamika, na jambo hilo bado linatuhusu sisi wakufunzi.

Wengine husema kwamba maandishi hayana faida kwa wasiojua kusoma, na kwamba redio, na leo simu, ndiyo inayowafikia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inakanusha hoja hiyo. Hata katika sensa ya 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Waliopanga kampeni ile walijua hivyo vizuri. Walitumia Redio Tanzania, naam, lakini hawakuitegemea redio peke yake. Waliwafundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000, wakavipatia vikundi vijitabu vyenye maneno machache na picha, na watu wapatao milioni mbili wakakusanyika chini ya miembe, madarasani na katika ofisi za matawi. Redio ikisha kusema, kikundi kilifungua kijitabu. Mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake, wakabishana, kisha wakaamua: wiki hii tunachimba vyoo vingapi, kwa nyumba zipi, nani anasimamia. Mamia ya maelfu ya vyoo yalichimbwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni mgawanyo wa kazi kati ya sauti na chapa. Kipindi cha redio kikipita kimepita, na mwenye kusikia vibaya hana pa kurudia. Kijitabu kinabaki kikundini, kikiwa na alama za vidole na madoa ya chai, na mbishi akisema redio haikusema hivyo, anafunguliwa ukurasa. Ndiyo maana hata asiyejua kusoma alifaidika nacho; alijua kwamba anayemsomea hawezi kubuni. Hali kadhalika, majaribio ya kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, 1968 hadi 1972, yaliwafundisha watu kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe, yaani kazi zao wenyewe. Na ilipoonekana kwamba mtu aliyefuzu kisomo husahau upesi asipopata cha kusoma, likatolewa gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho, kuanzia 1974, katika nakala zipatazo 100,000. Kwa hesabu za Serikali, wasiojua kusoma walipungua hadi asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Baadaye karatasi yenyewe iliadimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba, madaftari ya shule yakakosekana, na magazeti yakapunguza kurasa. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilichojengwa ili tujitegemee kwa karatasi kwa uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka, kilianza kazi 1985, katika kipindi kigumu kuliko vyote, na mwaka 2004 kikauzwa kwa mwekezaji. Mjadala wa Mgololo unastahili makala yake.

Mashine ya Hazina

Vijana wetu hudhani kwamba kompyuta ni jambo la juzi. Mashine ya kwanza ya namna hiyo ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye ilibadilishwa kwa kubwa zaidi, na hesabu za Serikali zikahamishiwa humo. Wataalamu wa kuiendesha walikuwa wachache na wengi wao wa kigeni. Taarifa za matumizi zilichelewa na hazikuaminika, na wahasibu waliozoea leja hawakuwa na njia ya kuona kosa limetokea wapi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Masharti hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980.

Wako wanaolicheka katazo lile kama ujinga. Sisi hatuoni kwamba lilikuwa sera ya kudumu nayo. Nchi haiwezi kujitenga na maendeleo ya nyenzo. Lakini aliyeitia saini amri ile alikuwa ameona jambo la kweli, kwamba maarifa ya ofisi nzima yalikuwa yamehamia mahali ambapo ofisi yenyewe haikuweza kuingia. Kwa maneno mengine, kalamu ilikuwa imerudi kwa nyapara, ingawa nyapara wa safari hii alikuwa fundi mwenye koti jeupe na huenda hakuwa na nia mbaya yoyote.

Leo mambo yamebadilika mno. Sheria ya Serikali Mtandao ilipitishwa mwaka 2019, ofisi za umma zinapeana barua kwa mfumo wa ofisi mtandao, na jalada lililokuwa likikaa wiki mbili njiani kutoka Dodoma kwenda Kigoma linafika kabla chai haijapoa. Mifumo inaendeshwa na vijana wa Kitanzania. Wala tusiipambe karatasi kwa sifa isizo nazo. Watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliobainika mwaka 2016 walikuwa na majalada ya karatasi yaliyopangwa vizuri. Watumishi 9,932 waliotangazwa mwaka 2017 kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa wameleta karatasi zenye mihuri. Waligunduliwa kwa kulinganishwa na kumbukumbu za mitihani. Karatasi hudanganya pia, hasa inapokuwa nakala moja katika kabati moja.

Hapa ndipo tofauti inapoonekana. Nguvu ya Mwongozo na ya kijitabu cha Mtu ni Afya haikutokana na wino. Ilitokana na nakala nyingi, zilizo sawa, mikononi mwa watu ambao hawakuhitaji ruhusa kuzisoma, na ambazo yeyote aliyetaka kuzibadilisha angelazimika kuzikusanya zote kwanza. Waraka uliomo katika mfumo ni nakala moja, hata kama unasomwa na watu elfu. Unaweza kurekebishwa usiku, na asubuhi kila msomaji akaona maneno mapya bila kujua yale ya jana yalisemaje. Mfumo mzuri huweka kumbukumbu ya kila badiliko, lakini kumbukumbu hiyo anaiona msimamizi, si mfanyakazi. Na siku njia ikikatika, wote wanakosa pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Ofisi nyingi zilikaa zikisubiri, na waliokuwa na taratibu zao kwenye karatasi waliendelea na kazi.

Uko pia umri wa maandishi. Mwaka 1916, walipokuwa wakikimbia, Wajerumani walifukia sehemu ya majalada yao ardhini huko Tabora. Yalifukuliwa baadaye, yakasomeka, na leo nyaraka za Kijerumani zilizo katika Nyaraka za Taifa zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 1997. Wasomaji wenye diski laini za miaka ya 1990 katika droo zao wajaribu kuzifungua.

Sheria zetu zimeliona jambo hili, ingawa hazifuatwi ipasavyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na panapotokea mgogoro mwajiri akishindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kwa sadfa kifungu chenyewe nacho ni cha 15. Kifungu kinachofuata, cha 16, kinamwagiza abandike taarifa ya haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Tumetembelea sehemu nyingi za kazi kwa ajili ya mafunzo, na mahali ilipokuwa taarifa hiyo mara nyingi tunaona tangazo la neno la siri la mtandao kwa wageni.

Tulikuwa katika shirika moja, ambalo hatulitaji, tukifundisha juu ya wajibu wa tawi mahali pa kazi. Mada ilikuwa kanuni za utumishi. Afisa utumishi, dada mwerevu na mchapakazi, alieleza kwamba shirika halina cha kuficha. "Wazee wangu, kanuni zote zimo kwenye mfumo," alisema. Mlinzi mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma akainua mkono. "Mfumo huo, mama, mlango wake uko wapi?" Watu walicheka. Lakini lilikuwa swali halisi. Walinzi, madereva na wafagizi wa pale, watu zaidi ya thelathini, hawakuwa wamefunguliwa akaunti, kwa kuwa kazi yao haikuhitaji kompyuta. Hakuna aliyekusudia kuwanyima. Mpangaji wa mfumo hakuwafikiria.

Dada yule alizichapa kanuni mchana ule ule, nakala 40, na ile taarifa ya haki ikabandikwa karibu na lango. Wiki ya pili walinzi walikuja na hoja. Sheria inataka mfanyakazi wa usiku, yaani baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, aongezwe angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Watatu kati yao hawakuwa wameongezwa kitu tangu waajiriwe. Uongozi ulikubali kuanza kulipa mwezi uliofuata. Ubishi ukabaki kwenye malimbikizo: nani alilinda usiku, na siku zipi? Mashine ya kusajili mahudhurio kwa alama ya kidole ilikuwepo, lakini ilikuwa imebadilishwa, na kumbukumbu za ile ya zamani hazikuhamishwa.

Mzee yule aliomba ruhusa akaenda langoni, akarudi na vitabu vinne vya matukio. Ni vitabu vya kawaida vya jalada gumu, vyenye mistari na nambari za kurasa, ambavyo kila zamu huandika saa ya kuingia, saa ya kutoka, magari yaliyopita na jina la anayepokea lindo. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi mbili, ya anayeondoka na ya anayeingia. Alisema alijifunza utaratibu huo akiwa kijana, na msimamizi mpya alipotaka kuviacha baada ya mashine kufungwa, yeye na wenzake waliendelea kuandika kwa mazoea tu. Safari hii kalamu ilikuwa kwao.

Mhasibu alikaa navyo siku tatu. Malimbikizo ya miaka miwili yalikubaliwa kutokana na kurasa zile; ya mwaka uliotangulia yamekataliwa, kwa sababu kitabu cha tano kiliingiwa na maji ya mvua kibandani na nusu yake haisomeki. Tulipopita tena pale, tawi lilikuwa limeagiza kabati la chuma kwa ajili ya lango, na shauri la mwaka ule lilikuwa bado halijaisha.